Ukurasa wa Shukrani

Apia, 3 Machi 1997

Fuatino mwanangu,

Salamu ziweke pembeni kwanza, maana nina kazi ya kukupa na kazi yenyewe haina utamu wowote.

Chuo chetu kinataka kumteua profesa wake wa kwanza wa elimu ya bahari. Baada ya miaka ishirini na sita ya kuwafundisha watoto wa watu kutofautisha kaa na jiwe, nimeomba. Nina miaka hamsini na saba. Nikifika hamsini na nane wananistaafisha, na kituo changu cha Vailoto kinafungwa pamoja nami, kwa sababu hakuna mwingine anayejua hata bomba la maji limepita wapi. Nikiupata uprofesa nabaki mpaka sitini na tano, na kituo kinabaki. Ndicho ninachokitaka, na sina haja ya kujifanya sikitaki sana.

Kamati imemtaka kila mwombaji alete hesabu: watafiti wengine wametaja kazi zake mara ngapi kwenye marejeo yao. Hesabu hiyo imo kwenye yale majuzuu makubwa ya faharasa ambayo sisi hatuna na maktaba yenu inayo. Nihesabie. Tafuta Tavita M., wala usinichanganye na Tavita F., ingawa siku moja nitafurahi watu wakituchanganya.

Itakayonibeba ni ripoti yangu ya majongoo bahari ya 1979. Tangu wakati huo, kila anayeandika habari za jongoo kuota matumbo mapya anatumia zile siku arobaini na mbili. Najua kwa kuwa nayasoma majarida, hata yanapofika yamelowa. Nakisia mia na hamsini. Nilimwambia hivyo mwenyekiti wa kamati, Dakta Iosefo, akacheka: "Mama Majongoo, tuletee basi tuone." Tutaona nani atacheka mwisho.

Baba yako hajambo, ila mguu bado. Kaitazama picha yako anauliza huko unakula nini, mbona umekuwa mlingoti wa bendera.

Shangazi yako,
Makerita


Brisbane, 17 Machi 1997

Shangazi mpendwa,

Barua yako imenikuta ndiyo kwanza natoka kuikabidhi tasnifu. Nakala nne, jalada la buluu, jina letu kwa herufi za dhahabu! Profesa Haddow alinipiga bega akasema kwamba katika miaka yote ya kusimamia wanafunzi hajapata kuona sura ya tatu iliyokaa vizuri kama yangu. Sasa iko kwa watahini. Wakiipitisha, kile kituo cha Cairns nilichokuambia wananisubiri kuanzia Agosti, nafasi ya kudumu, na mashua juu.

Majuzuu nimeyapata. Yako orofa ya chini kabisa ya maktaba, mwaka mmoja unajaza rafu nzima, na maandishi yenyewe ni madogo kama mayai ya chawa. Nimeanza na 1980, nimefika 1984. Kidole changu kimekuwa cheusi kwa wino. Naomba nimalize kwanza ndipo nikupe jumla, maana hesabu ya vipande vipande ina mkosi.

Jambo moja lakini siwezi kulificha. Ndani ya tasnifu nimekuweka mahali pa heshima kuliko watu wote, hata Haddow. Sisemi zaidi. Utaona mwenyewe na utalia, nami nitakuwa mbali nisikuone.

Mwambie Baba nakula.

Mwanao,
Fuatino


Apia, 31 Machi 1997

Fua,

Mficha uchi hazai. Umefika 1984 na hunipi hata namba ya 1980? Mimi ndiye niliyekufundisha kuhesabu kwa maganda ya chaza, nakujua unapokwepa. Unaanza kusifia herufi za dhahabu.

Ngoja nikukumbushe ripoti hiyo ilikotoka, labda kidole chako kitapata nguvu. Mwaka 1978 Haddow alikuja hapa bado kijana, pua inambambuka kwa jua, katumwa kuangalia matumbawe. Nikampeleka Vailoto. Maji yamekupwa, wanawake wanaokota majongoo, wanawapasua ubavuni kwa kisu, wanatoa matumbo na kuyatia kwenye chupa za kupeleka sokoni, kisha jongoo mwenyewe wanamrudisha majini. Haddow akapiga kelele: "Sasa huyo mnamtupa wa nini?" Wanawake walicheka mpaka mmoja akaangusha chupa. Nikamwambia, hatumtupi, anakwenda kuota mengine. Hakuamini.

Na mimi wakati huo nilikwisha kujenga vizimba vya mawe, likizo mbili za katikati ya mwaka nimezimalizia humo, nimehesabu majongoo mia tatu na kumi mmoja mmoja. Siku arobaini na mbili. Nikaandika kurasa tisini, nikazichapa kwa stensili mwenyewe, mikono ikanuka wino wiki nzima mpaka kanisani. Nakala ya kwanza nikampa yeye alipoondoka 1979, aisome kwenye ndege. Ndiyo maana ulipotaka msimamizi nilikupeleka kwake bila wasiwasi: nilijua anatujua.

Haya. Kamati inakaa tarehe 12 Juni. Nataka namba, sitaki shairi.

Makerita


Brisbane, 14 Aprili 1997

Shangazi,

Nne.

Nimeiandika peke yake kwa sababu mara tatu nimejaribu kuizungushia maneno, na mara tatu nimechana karatasi.

Nilikuwa nayo hata nilipokuandikia mara ya kwanza. Nilikwisha kumaliza majuzuu yote mpaka mwaka jana. Nikarudia tena nikidhani nimeruka ukurasa. Sikuruka. Katika hizo nne, mbili umejitaja mwenyewe. Ya tatu ni ya mwanamke mmoja wa Noumea, ameandika kwa Kifaransa. Ya nne ni ya mtu wa Oslo, naye amekuita Bwana Tavita.

Makala ya Haddow ya 1982 ina mia moja themanini na nane.

Nimeyafungua mengi ya hayo yaliyomtaja. Zile siku arobaini na mbili wanaziita "hesabu ya Haddow." Jedwali ni lako, Shangazi, mpaka ile safu ya majongoo waliokufa siku ilipofurika mvua isiyo ya msimu. Faharasa humhesabia aliyetajwa tu, kwa hiyo kila anayemtaja yeye hakufikii wewe hata chembe. Nilimuuliza mkutubi kama kuna makosa. Akaniambia, "Faharasa haina makosa, dada. Inahesabu walichoandika watu."

Nina hasira mpaka silali. Watu mia moja themanini na nane, na hakuna hata mmoja aliyeinua mkono kuitafuta ripoti yenyewe! Wanatajana kama wanavyopokezana kikombe kunywa kava, huyu kampa yule, yule kamrudishia huyu, na mwanamke aliyeikamua kasimama mlangoni. Hawana hata haya.

Niambie nifanye nini. Niandike kwenye jarida? Nimkabili Haddow?

Fuatino


Apia, 28 Aprili 1997

Fua,

Nne ni namba nzuri. Meza ina miguu minne na inasimama.

Nilicheka hivyo kwa muda wa chai moja, kisha nikashindwa kuendelea. Nimezunguka nyumba, nimefagia uwanja uliokwisha kufagiwa, baba yako akanifukuza: "Dada, kaa chini, unanivuruga kichwa." Bwana Tavita! Angalau huyo wa Oslo alinisoma. Nimemsamehe na suruali aliyonivalisha.

Juzi kulikuwa na msiba hapa jirani. Unamkumbuka Tauasa, yule mjane? Alileta mkeka mwembamba aliousuka miezi kumi na minne, laini unaupitisha kwenye pete. Msemaji akasimama uwanjani kutangaza zawadi kama kawaida yetu, kila kitu na jina la aliyekileta, kwa sauti ya kufika baharini. Mkeka ulipopita akanguruma: "Mkeka wa Tuloto!" Tuloto ni kaka yake, mkuu wa ukoo, mtu ambaye hajapata kushika jani la mkadi isipokuwa kujipepea nalo. Nikamnong'oneza Tauasa, mbona humsahihishi? Akanijibu, "Si ni wa ukoo wote? Mwenyewe najua." Mwaka jana ningemsifu kwa adabu yake. Juzi nilitaka kumtikisa mabega.

Usimwandikie mtu, usimkabili mtu. Una watahini shingoni mwako. Kuna jambo moja tu: nimemuuliza Iosefo kama kamati itakubali kuhesabu marejeo ya tasnifu pamoja na ya majarida. Amekubali, kwa kuwa anadhani haitanifaa kitu. Sasa, mwanangu, tasnifu yako ni ya majongoo hayo hayo, mwamba ule ule, vizimba vile vile vya Vailoto. Humo ndani umenitaja mara ngapi? Hata thelathini zikifika nitaingia chumbani kwao nimenyoosha shingo. Nihesabie na unitumie.

Makerita


Brisbane, 9 Mei 1997

Shangazi mpendwa,

Nimefurahi mno ulipouliza! Ninakutumia ukurasa wenyewe, nakala ya mashine. Ni ukurasa wa shukrani, mzima, na ni wako peke yako. Wengine wote, Haddow, wenzangu wa maabara, wafadhili, nimewabana kwenye aya moja upande wa nyuma.

Niliuandika kwanza kwa lugha yetu kisha kwa Kiingereza, na nimeviacha vyote viwili. Pale ninaposema kwamba mikono yako ndiyo iliyonionyesha jiwe la kuinua na jiwe la kuacha, nililia juu ya taipureta ya maktaba mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Kurasa nyingine sikuziweka, bahasha ilikataa kufungika. Ripoti za watahini zimekuja na ni nzuri, marekebisho madogo tu, natakiwa kurudisha nakala ya mwisho tarehe 11 Julai. Cairns wamepiga simu mara mbili wakiuliza nitahamia lini.

Hapa baridi imeanza. Natamani magimbi ya moto na wali wa nazi wa Jumapili.

Mwanao,
Fuatino


Apia, 23 Mei 1997

Mwanangu,

Nimeupokea. Nimeusomea kwa sauti kikundi cha akina mama baada ya ibada, na hakukuwa na jicho kavu. Baba yako aliomba ausome mwenyewe, akafika nusu, akasema miwani imeingia vumbi. Umeandika kwa maneno ambayo watu huyangojea mpaka wafe ndipo wasomewe. Ahsante.

Sasa nitumie kurasa za mwisho.

Umesahau nani aliyekufundisha kusoma kazi ya kitaaluma? Huanzi mbele. Mbele ni kama sebule, mtu hupanga vitu vya wageni. Unaanza nyuma, kwenye marejeo, huko ndiko unakomwona mtu amekula na nani. Bahasha kubwa zinauzwa. Kamati inakaa baada ya siku ishirini.

Makerita


Brisbane, 4 Juni 1997

Shangazi,

Haddow, mara arobaini na moja.

Tavita M., hakuna.

Hata mara moja. Nimehesabu kwa kidole kile kile nilichowahesabia wengine. Ripoti yako haimo, wala mwaka wake, wala jina. Barua yako ya Aprili iliponiuliza nimekutaja mara ngapi, niliingia kwenye tasnifu yangu kwa furaha, kama mtu anayekwenda shambani kwake kuchuma, nikakuta hakuna mti. Nikafunga jalada. Nikakutumia ukurasa wa shukrani nikijiambia ni kitu kile kile, na nilijua si kile kile. Ile habari ya bahasha ilikuwa uongo.

Nitakuambia ilivyokuwa, si kwa kujitetea.

Kila nilipofika mahali pa kuandika "Tavita (1979)", mkono ulikataa. Nilijiona nimesimama barabarani nakuita "We Tavita!" mbele za watu, bila shangazi, bila chochote, kama mtoto aliyekosa malezi. Baba angenichapa. Nikasema nitamweka mbele, kwa jina lake lote na heshima zake. Tena niliogopa watasema Tavita anamsifu Tavita. Sisi tumelelewa kwamba mtu hasifii chungu cha kwao. Halafu kwenye rasimu ya kwanza, nilipokuwa nimeitaja ripoti mara moja tu, Haddow aliandika pembeni kwa penseli: ripoti ya ndani, haipatikani, tumia makala. Nikaona penseli imenipunguzia mzigo. Nikafuta, na sikukumbuka tena.

Juzi nilimwendea ofisini. Nikamuuliza kwa nini 1982 hakuitaja ripoti yako. Hakukasirika hata kidogo. Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini maji yanalowesha.

"Lakini nilimshukuru," akasema. "Ukurasa wa kwanza kabisa. Nilimwita rafiki asiye na mfano."

Akaifungua makala akanionyesha, kwa fahari, na nilitamani sakafu inimeze. Ilikuwa ni sauti yangu inatoka kinywani mwake.

Nikamwambia nataka kurekebisha sura ya tatu. Akasema nikigusa msingi wa sura hiyo si marekebisho madogo tena, tasnifu itarudi kwa watahini, miezi sita si haba, na Cairns hawatangoja. "Fikiri vizuri," akasema. "Yeye mwenyewe angekuambia uchukue kazi." Hajakosea, nakujua. Ndiyo maana siwezi kutulia. Nalala nimevaa viatu, naamka natembea mpaka mtoni na kurudi. Sijui cha kufanya, na umebakiwa na siku nane, na mimi ndiye mtu wa mia moja themanini na tisa.

Fuatino


Apia, 16 Juni 1997

Fuatino,

Barua yako ilifika asubuhi ile ile ya kamati. Niliisoma nikiwa nimekwisha kuvaa.

Niliingia na nne. Iosefo hakucheka safari hii, alikuwa mpole, na upole wake ulinichoma kuliko kicheko. Walinisifu sana. "Mchango wako chuoni hauna kipimo," wakasema, nikajua ndiyo basi, maana waliniita pale kwa ajili ya kipimo. Sikupata. Unataka kujua wamemwandikia nani barua ya kumwalika? Bingwa wa majongoo anayejulikana duniani kote. Msimamizi wako.

Siku tatu sikukuandikia kwa sababu kila sentensi ilianza na tusi. Nilikasirika na wewe, Fua, na nasema wazi ili usije ukadhani nilikuwa mtakatifu. Watu wa mbali hawanijui, wana udhuru. Wewe nimekubeba mgongoni kwenye mwamba ule. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ndipo jana nikaitoa ripoti yangu ya 1979, ile nakala yangu iliyotafunwa na mende, nikaisoma kama ninavyofundisha, kuanzia nyuma. Marejeo kumi na tisa. Wanaume kumi na tisa! Yumo daktari mmoja Mjerumani wa zamani ambaye hakupata hata kumwona jongoo akiwa hai. Nilimtia kwa kuwa nilidhani bila yeye sitaonekana msomi. Nikageuza nikaenda mbele. Ukurasa wa pili, chini: "Nawashukuru wanawake wa Vailoto."

Wanawake wa Vailoto. Nani aliyenionyesha mahali pa kuvijenga vizimba? Nani aliyeniambia nihesabu kwa mwezi angani badala ya kalenda? Ni Salilo Fa'asau. Likizo mbili nilikula kwake na kulala kwake, na Haddow naye alikula kwake. Salilo hayumo. Nyani haoni kundule, na mimi nimekaa na langu miaka kumi na minane nikiwacheka nyani wengine.

Kwa hiyo tasnifu iache ilivyo. Kwangu mambo yamekwisha, Desemba nakabidhi funguo. Kazi ya Cairns ichukue. Mimi nakwenda Vailoto kumwomba Salilo radhi kabla sijasahau jinsi inavyouma.

Makerita


Vailoto, 29 Juni 1997

Fua,

Sikungoja barua yako. Soma hii mpaka mwisho kabla hujafanya lolote, na kama ulikwisha kuirudisha ile tasnifu, nenda ukaichukue.

Nilifika na mkeka na sanduku la nyama ya kopo, nikaomba vitangazwe kwa utaratibu. Msemaji akasimama, akashusha pumzi, akaanza: "Mkeka na sanduku, kwa ukoo wa—"

"Kwa Salilo," nikasema.

"Mama, najua kazi yangu. Kwa ukoo wa mheshimiwa—"

"Sema Salilo Fa'asau, au narudi navyo Apia."

Watu wakaguna. Akasema. Kwa mara ya kwanza nimesikia jina la mwanamke yule likivuka uwanja. Yeye mwenyewe, na miaka yake themanini na mbili, alikuwa anajipepea tu, akauliza mbona makelele.

Nikakaa mbele yake nikamwambia kosa langu. Nikamsomea ripoti yote, nikitafsiri, ukurasa kwa ukurasa, wanawake wamejaa ndani ya nyumba na wengine nje. Nikafika kwenye jedwali, nikasoma: jongoo huota matumbo kamili kwa siku arobaini na mbili. Akapiga mkeka kwa upepeo wake.

"Nani kasema?"

"Wewe, mama. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Mimi sikusema hivyo."

"Tulihesabu pamoja, mia tatu na kumi."

"Tulihesabu miezi ya upepo! Ulikuja likizo, ukaondoka. Arobaini na mbili ni ya upepo. Miezi ya mvua jongoo amechoka, mwezi unazunguka mara mbili na nusu. Siku sabini na tano. Kila mtu anajua."

Nikauliza mbona hakuniambia.

"Hukuuliza. Na kile kibao chenu cha pwani hakikuuliza."

Fua, kile kibao. Umekiona maisha yako yote, kimepigwa misumari pwani ya kila kijiji upande huu: SIKU 42, NDIPO UPASUE TENA. Kimeandikwa kwa ripoti yangu, kisha kwa makala ya Haddow, na sasa wanakifuata hata visiwa vingine. Wasichana wanaotii kibao wanawapasua majongoo miezi ya mvua wakiwa hawajapona. Ndiyo maana chupa hazijai siku hizi. Nilidhani ni maji kuwa moto, nimeandika na makala kusema hivyo. Ni sisi. Watu mia moja themanini na nane wamelipitisha kosa langu mkono kwa mkono, na hakuna aliyerudi mpaka kwa mwenyewe, kwa sababu mwenyewe hakuandikwa popote. Nilidhani nimemnyima heshima tu.

Nilikuambia usibadilishe kwa ajili yangu. Sawa, si kwa ajili yangu. Mtaje Salilo kwa jina na mwaka, kama unavyomtaja bingwa yeyote. Kisha nipinge. Usinipinge kwa mafumbo, usiseme "shangazi yangu mheshimiwa aliteleza." Niite kwa jina la ukoo tupu na useme nimekosea, mahali ambapo wote watasoma. Hiyo ndiyo heshima ninayoitaka kwako, nyingine nimekwisha kushiba.

Najua ninachokuomba. Najua na Cairns pia. Sitakulaumu ukikataa, ila nitasumbuka.

Makerita


Brisbane, 11 Julai 1997

Kwa Makerita Tavita,

Nimeanza hivyo ili mkono uzoee.

Barua ya Vailoto ilifika Jumatano. Leo nilikwenda ofisini nikiwa na jalada la buluu mkononi, nikawaambia siikabidhi. Sura ya tatu nimeianza upya na inarudi kwa watahini, miezi sita kama alivyosema. Cairns niliwaarifu juzi, nao wamempa mtu mwingine. Waliniambia kwa simu, kwa adabu sana. Nililia, kisha nikapika tambi za sapasui nikala sufuria nzima, kwa hiyo mwambie Baba mlingoti umenenepa.

Haddow amezisoma kurasa za mwanzo. Akauliza, "Salilo ni nani?"

Nikamwambia, "Alikupikia mwaka 1978."

Aligeukia dirishani. Barua ya chuo chenu bado iko mezani kwake, haijajibiwa, na sikumuuliza. Nilipofika mlangoni aliniomba nimtafutie ripoti ya 1979. Nakala aliyopewa kwenye ndege hajui aliiacha wapi.

Ukurasa wa shukrani nimeuondoa. Najua akina mama waliulilia, niombee radhi kwao.

Sentensi yenyewe iko ukurasa wa 61. Niliiandika nimesimama, kisha nikakaa chini, maana nilikuwa nasikia sauti ya Baba. Ndiyo hii:

"Tavita (1979) alikosea, na Haddow (1982) akalibeba kosa hilo bila kurudi kuuliza: kwa mujibu wa Salilo Fa'asau (1997), jongoo wa miezi ya mvua huhitaji siku sabini na tano."

Kwako hiyo ni ya tano. Kwa Salilo ni ya kwanza.

Tavita F.